Ruhusa ya Mzee Tebbutt

Farasi siwapendi, na nasema mapema ili mtu asije akanisifu bure. Wana meno makubwa, wanakanyaga bila kutazama, na jicho lao hukukodolea kama daktari mkuu anayejua umechelewa kazini. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewafyekea njia, nimewachimbia mitaro na nimewasaidia kupata mahali pa kulala, lakini sijawahi kumpanda hata mmoja. Ndugu zangu wa Nyeri wakilisikia hilo hucheka mpaka wakashika mbavu.

Nilianza mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya kufiwa na mume wangu, James. Siku za kazi nilikuwa na wadi yangu hospitalini na sikupata nafasi ya kuwaza. Jumamosi ndizo zilizonishinda. Nyumba yetu ya Colindale, London, ilikuwa kimya hata nikawa nawasha redio na televisheni kwa pamoja, nikae katikati nisikie watu wakibishana. Siku moja nikaona tangazo kwenye ubao wa maktaba: watu wa kujitolea wanahitajika kutengeneza njia za farasi katika Msitu wa Harlings, ambao ni ardhi ya umma, kila Jumamosi asubuhi, vifaa vipo. Nikajiambia, kama ni kufyeka, mimi nimezaliwa nikifyeka. Nikavaa buti za James na soksi mbili mbili zisinichopoke, nikaenda.

Asubuhi ile nilikuwa nagombana na kichaka cha miiba, nakitukana kwa lugha ya mama yangu nikijua hakuna anayenielewa, mara nikasikia sauti nyuma yangu ikisema kwa Kiswahili safi cha Nairobi, "Sista, kata chini kidogo. Juu itakuchoma bure."

Huyo alikuwa Gurdial, seremala, Singasinga mwenye kilemba cha samawati na mfuko wa vifaa begani. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa ya reli pale Nairobi, naye alizaliwa hukohuko. Alikuja London mwaka 1971. Alikuwa akitembea msituni siku moja akaona geti limening'inia upande, na kwa kuwa hawezi kuona mbao iliyopinda akalala usingizi, akarudi na bawaba mpya. Baada ya hapo akabaki. Tangu siku ile mimi humwita Fundi na yeye huniita Sista, hasa alipojua kwamba mimi ni nesi, na Kiingereza tunawaachia wengine.

Wa tatu kati yetu alikuwa Kalpana, mwenye duka la viungo na masufuria Kingsbury Road, mzaliwa wa Kisumu. Daktari alimwambia atembee kwa ajili ya sukari. Kalpana akamjibu kwamba kutembea bila kazi ni wazimu, akaja kwetu kusukuma wilbaro za kokoto. Mwenyekiti wetu alikuwa Mwingereza, Hilary, mrefu, mkavu, mwenye farasi wawili kwenye zizi lililoko kando ya barabara kuu. Walikuwapo na wengine, wakija wakienda, lakini sisi wanne ndio tuliokuwa tukionekana hata kukiwa na barafu.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kambi. Katikati ya msitu kuna uwazi, na hapo tulijenga vizizi vinane vya kufungia farasi, birika la maji, kibanda cha kuwekea matandiko na kiwanja cha mahema. Ilituchukua miaka sita ya Jumamosi. Wakati wa kiangazi wapanda farasi walikuja kutoka mbali, wakalala siku mbili tatu, wakaondoka. Boriti zote za mwaloni alizipasua na kuziunganisha Gurdial, bila msumari hata mmoja. Ukipitisha mkono huhisi mahali mbao mbili zinapokutana. Nilimtania kwamba anawajengea wanyama vizuri kuliko alivyojijengea jiko lake. Akaniambia jiko lake halinyeshewi.

Tatizo lilikuwa njia. Kutoka kwenye mazizi hadi msituni, farasi ilibidi wakatize shamba la majani la mzee mmoja aitwaye Tebbutt, hatua kama mia nne hivi, halafu ndipo waingie ardhi ya umma. Kulikuwa na njia pale tangu zamani, imekanyagwa ikawa kama mfereji, lakini haikuwa kwenye ramani yoyote. Pembeni mwake hakukuwa na njia nyingine isipokuwa barabara kuu yenye malori, na huko farasi mmoja aliwahi kugongwa akafa. Kwa hiyo kambi yetu yote, vizizi, birika na jasho letu, ilining'inia kwenye zile hatua mia nne.

Mzee Tebbutt alifariki Machi 2003, akiwa na miaka tisini na mmoja. Mpwa wake akarithi. Juni, Jumamosi moja, tukakuta geti limefungwa mnyororo na kibao kimepigiliwa: hakuna njia.

Hilary alituita tukutane ghalani kwa Kalpana, juu ya duka, tukakaa juu ya magunia ya mchele. Alikuwa amesoma sheria mpaka macho yamemwiva.

"Hatujashindwa," alisema. "Sheria iko upande wetu. Kama watu wamepita mahali miaka ishirini mfululizo, mchana kweupe, bila kuvunja kitu, na bila kupewa ruhusa na mwenye ardhi, basi njia ile ni ya umma. Si hisani ya mtu tena. Kaunsili itaiandika kwenye ramani na hakuna atakayeweza kuifunga. Tunachohitaji ni mashahidi."

Akatugawia fomu, kurasa sita kila mmoja. Tangu lini unaitumia njia? Mara ngapi kwa mwaka? Kwa miguu au kwa farasi? Ilikuwa na upana gani? Nilijibu haraka haraka, maana fomu mimi nimezijaza maisha yangu yote. Nikafika swali la kumi na nne. *Je, uliwahi kuomba au kupewa ruhusa ya kupita?*

"Hilo andikeni hapana," Hilary alisema huku akicheka. "Nani angeomba ruhusa ya kupita njia?"

Kalamu yangu ilisimama.

Sasa nikueleze. Mwezi wa kwanza niliofanya kazi kule, Hilary alituambia tukatize shamba la Tebbutt na majembe yetu, tukakatiza. Nilirudi nyumbani nikiwa na kitu kimenikaa kifuani. Kwa mama yangu, kupita katikati ya mibuni ya jirani bila kumwita na kumsalimia kulikuwa sawa na kumwibia. Hata kama njia ipo, na hata kama kila mtu anapita. Unasimama, unaita, unasema ni mimi mtoto wa fulani, napita hapa. Naye anakuambia pita. Ndipo mguu wako unakuwa mwepesi.

Basi Januari iliyofuata nilichukua kopo la majani ya chai niliyoletewa kutoka nyumbani, nikaenda hadi nyumba ya Tebbutt, nikabisha. Alifungua mzee mwenye sweta iliyotoboka viwiko. Nikamwambia mimi ni Njeri, napita shambani kwake kila Jumamosi, naomba ruhusa ya mwaka huu. Alinitazama muda mrefu. Kisha akaniingiza jikoni, akachemsha maji, tukanywa ile chai. Nilipoondoka akaniambia kwa Kiingereza chake cha polepole, "Endelea tu, mpendwa. Angalia ule mtaro." Mwaka uliofuata nikarudi. Kila Januari kopo moja, vikombe viwili, na maneno yaleyale. Mara ishirini na mbili. Sikumwambia mtu, kwa sababu haikuwa habari. Mtu hatangazi kwamba amesalimia.

Na sasa, juu ya gunia la mchele, niliambiwa kwamba kila kopo lile lilikuwa msumari kwenye jeneza la njia yetu. Nikainua macho. Gurdial alikuwa ameinamia fomu yake, kilemba tu kinaonekana. Kalpana alikuwa anaandika. Nikaandika *hapana*, nikatia sahihi chini ya maneno yanayosema kwamba yote niliyoyaeleza ni kweli, nikamkabidhi Hilary. Nilijichukia kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Wiki ile nilikuwa mbaya. Nilimgombeza mwanangu Lawrence kwenye simu kwa kosa ambalo hakulifanya, na yeye, kama kawaida yake, alinisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. "Mum, what's wrong with you?" Nikamwambia hakuna. Hapana ya pili hiyo ndani ya wiki moja.

Jumamosi nikaenda kambini. Sisi wa miguu tuliweza kuingia kwa kuzunguka upande wa mbali. Vizizi vilikuwa vitupu, na majani yalikuwa yameanza kuota mahali ambapo kwato ziliyazuia miaka kumi na kitu. Gurdial alikuwa amepiga magoti akibadilisha boriti iliyooza upande mmoja. Hakukuwa na farasi wa kufungwa hapo, lakini aliipima, akaipima tena, kama vile kesho watakuja arobaini. Nilipomwona hivyo nilitaka kugeuka nirudi.

"Fundi," nikasema. "Ile fomu. Nimedanganya."

Patasi yake ikaendelea.

"Swali la ruhusa. Mimi nilikuwa naenda kwa mzee. Kila Januari. Niliomba ruhusa, akanipa. Kama kaunsili ikijua, ni mimi nimeua kambi yako."

Aliweka patasi chini. Akafuta mikono kwenye suruali, kidole kwa kidole. "Ulienda kweli?"

"Nilienda."

"Ulipeleka nini?"

"Majani ya chai."

Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Mimi nilipeleka barfi, zile tamu za maziwa," alisema. "Kila Vaisakhi, sikukuu yetu ya mwezi wa nne. Sanduku zima, mke wangu alitengeneza. Nikamwambia, sir, mimi napita kwako na mbao, please, kwa mwaka huu. Tangu seventy-eight."

Nikakaa juu ya ile boriti mpya. "Na uliandika nini?"

"Niliandika kama wewe."

Tulicheka wote wawili sasa, tukacheka mpaka machozi, maana tulimwona yule mzee jikoni kwake, amefungua mlango Januari kuna Mkikuyu na chai, Aprili kuna Singasinga na barfi, na hakuna hata mmoja aliyemsimulia mwenzake. Kisha kicheko kikaisha na hofu yangu ikawa palepale.

"Nakwenda kumwambia Hilary," nikasema. "Nataka fomu yangu."

"Usiende."

"Fundi, tumetia sahihi."

"Usiende, Sista." Uso wake ulikuwa umebadilika. Sijawahi kumwona Gurdial amekasirika kabla ya siku ile. "Sixty-eight nilikuwa na passport ya Uingereza mkononi. British. Wakaniambia queue, ngoja voucher ya kuingia. Nikangoja miaka mitatu, kazi hakuna, Nairobi hawanitaki, London hawanitaki. Kila form waliyonipa nilijaza kweli tupu. Kweli ilinisaidia nini? Leo nimeandika neno moja la uwongo, moja tu, kwa ajili ya kitu nilichojenga na mikono yangu. Mzee amekufa. Nani atajua?"

Sheria sikuijua, na miaka ile mitatu sikuingoja mimi. Nilikuja na barua ya mafunzo ya unesi, nikapokewa uwanja wa ndege na mtu mwenye jina langu kwenye kadi. Nilitaka kambi ibaki. Nilitaka hilo kuliko nilivyotaka kuwa mkweli, na nakiri.

Lakini kulikuwa na kitu kilichonikereketa zaidi ya uwongo wenyewe, nikakisema kilivyokuja. "Nikiandika hapana, nasema nilipita kwa mtu miaka yote ile bila hata kumwambia habari za asubuhi. Mimi? Na nasema yeye hakuwahi kunifungulia mlango. Yule mzee alininywesha chai mara ishirini na mbili, Fundi. Sasa amekufa, nami nimfanye awe mtu ambaye hatukumjua?"

Gurdial aliokota patasi, akaitazama, akaiweka mfukoni. Ndege walikuwa wakipiga kelele juu ya birika.

"Alikuambiaje," aliuliza, "ukimwomba?"

"Endelea tu, mpendwa. Angalia ule mtaro."

"Mimi aliniambia, 'Right you are, Mr Singh.'" Alilisema kwa sauti ya mzee, polepole. "Kiwandani Park Royal miaka kumi na tatu waliniita Gary. Walisema Gurdial ni jina gumu. Seventy-eight, mtu wa kwanza kuniita Mister nchi hii alikuwa yule mzee, na mdomo umejaa barfi." Akafunga mfuko wake. "Basi. Twende. Lakini twende kwa Kalpana kwanza, yeye ana akili ya mambo haya."

Kalpana tulimkuta dukani akipima dengu. Alitusikiliza wote wawili, akamaliza kupima, akafunga mfuko, akampa mteja. Halafu akasema, "Pakiti ya chevdo ya kutafuna. Kila Diwali. Alipenda ile ya pilipili."

"Na wewe!" nilisema.

"Mimi ningeachaje? Ningepita kwa mtu na wilbaro, yeye ananiona dirishani, nisimwambie kitu? Mama yangu angefufuka." Alivua miwani. "Lakini fomu nimesema hapana, kwa sababu Hilary alisema andikeni hapana."

Nyumba ya Hilary ilikuwa mwendo wa basi moja. Alitufungulia akiwa na matope mpaka magotini, akatuona tumesimama watatu kwa mstari kama watoto wa shule, akajua kuna jambo. Mimi ndiye niliyesema, kwa Kiingereza, yote. Alikaa kwenye ngazi.

"Lakini kwa nini?" aliuliza. Hakuwa na hasira, kweli hakuelewa. "Kwa nini mliomba?"

"Kwa sababu ni shamba lake," Kalpana alisema.

"Nimepita pale tangu nina miaka kumi na mmoja. Kwa farasi, karibu kila siku. Haikunijia hata mara moja." Alitazama mikono yake. "Sijui hata mlango wake ulikuwa na rangi gani."

"Kijani," tukasema watatu kwa pamoja.

Hapo Hilary akaanza kulia, na mimi, niliyekwenda nimejiandaa kugombana, nikajikuta namshika bega. Alipotulia alituletea zile fomu tatu. Alitueleza jinsi mambo yalivyo: ruhusa tuliyopewa ni yetu wenyewe, haimgusi asiyeomba. Ushahidi wake yeye bado unasimama. Lakini mtu mmoja hatoshi. Tuliokuwa tukienda kule kila wiki, wenye kumbukumbu za kila siku ya kazi, ndio tuliokuwa tegemeo lake, na sasa tumetoka. Tukaandika upya, kila mmoja kwa mkono wake, *ndiyo, niliomba, nikapewa*, na tarehe. Gurdial aliandika kwa herufi kubwa. Kaunsili ingepewa zote, zetu pamoja na zitakazopatikana.

Sasa ilibidi tutafute watu wasio na adabu. Samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulihitaji watu waliopita kwa Tebbutt miaka ishirini na hawakuwahi kumtazama usoni, na mimi niliwajua wote kwa majina ya kuwapa mwenyewe. Kulikuwa na Bwana Asiyefunga Geti. Kulikuwa na wale dada wawili waliokuwa wakikimbiza farasi siku za mvua na kuharibu mtaro tuliouchimba wiki nzima. Kulikuwa na yule mama wa farasi mweupe, ambaye mwaka 1992 alinisimamia juu ya tandiko na kuniuliza kama nazungumza Kiingereza, maana alitaka kujua choo kiko wapi. Hilary alibandika matangazo kwenye mazizi yote, na Jumapili moja wakaja ghalani kwa Kalpana, kumi na wanne.

Niliwagawia fomu mimi. Niliwapikia chai pia, ya maziwa, na tangawizi nyingi kuliko walivyoizoea. Kila aliyefika swali la kumi na nne aliinua uso akashangaa. "Ruhusa? Ya nini?" Wakaandika hapana, na ilikuwa kweli. Mama wa farasi mweupe aliniuliza kama na mimi hupanda. Nikamwambia mimi huziba mashimo. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka, akasema, "Basi ni wewe. Nilikuwa nikijiuliza nani anayaziba." Nilitaka kuendelea kumchukia, lakini alikuwa amelisema vizuri sana, na nikashindwa.

Uamuzi ulichukua karibu miaka miwili. Mpwa wa Tebbutt alileta wakili, wakili akasema mengi. Majira mawili ya kiangazi kambi ilikaa tupu. Gurdial aliendelea kwenda kila Jumamosi, akapaka mbao dawa, akaondoa magugu kwenye birika. Nilikwenda naye. Wengine walikata tamaa, siwalaumu.

Barua ilifika Machi 2005. Hilary alitupigia simu tukutane kambini, naye akanipa mimi niisome, kwa kuwa sauti yangu ilizoea wadi. Njia imekubaliwa kuwa ya umma, kwa miguu na kwa farasi, kwa ushahidi wa watu kumi na watano. Watu walipiga kelele, mtu akafungua chupa, Kalpana akanikumbatia na koti lake lenye harufu ya bizari. Nilifurahi. Nilifurahi hadi nikampiga busu farasi wa Hilary kwenye pua, na nikajuta hapohapo.

Lakini nilikuwa nimeona aya ya chini ambayo sikuisoma kwa sauti. Gurdial alinitazama nilipoikunja barua, akanyoosha mkono. Nikampa. Akavaa miwani, akasoma kwa kidole. Ilisema kwamba ushahidi wa mashahidi watatu umewekwa kando, kwa kuwa walipita kwa ruhusa ya mwenye ardhi, na hivyo haiwezekani kuwahesabu kuwa sehemu ya umma uliotumia njia ile. Majina yetu yaliandikwa kamili, bila kosa la herufi. Akaikunja, akanirudishia.

Wiki mbili baadaye kaunsili ilileta nguzo ya mwaloni yenye mshale na picha ya farasi, isimamishwe mahali njia inapoanzia, upande wa shamba. Gurdial alisema hatamwachia mtu mwingine kazi hiyo, na hakuna aliyethubutu kubisha. Tulikwenda wawili. Alichimba shimo, akaingiza nguzo, akaweka pima maji upande huu na upande ule. Nyumba ya mzee ilionekana kule juu. Mpwa alikuwa ameshapaka mlango rangi nyeupe.

"Sista," alisema, hakuniangalia. "Hebu nieleze. Watu kumi na tano ni umma. Hawa dada wa kuharibu mtaro, umma. Bwana wa geti, umma. Mimi nimepita hapa miaka ishirini na tano na mbao begani, siyo umma. Sasa, miaka hiyo yote, mimi nilikuwa nani?"

Nilikuwa nimelifikiria swali hilo tangu siku ya barua, usiku na mchana, na jibu nililokuwa nalo lilinichoma. "Wageni," nikasema. "Tulikuwa wageni, Fundi. Ndivyo karatasi inavyosema."

Niliona kimemwingia. Nikajuta, nikataka kulirudisha. Yeye akaipima nguzo tena, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

"Wageni wa nani?" akauliza.

"Wa Mzee Tebbutt."

"Aah." Alitikisa kichwa taratibu, akayatafuna yale maneno. "Hiyo ni sawa. Hiyo nakubali. Kila mahali pengine nchi hii mimi nilipita tu, Sista, hakuna aliyesema njoo. Hapa niliuliza, mtu akasema karibu."

Nililia, na sikugeuka pembeni. Aliniacha nilie kiasi, kisha akaniambia nishike nguzo isilale. Nikaishika kwa mikono miwili, yeye akaanza kushindilia udongo.